Kupima usomaji wa mwanafunzi mwenye matatizo ya usemi na lugha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walimu wa darasa la awali hadi la nne, na wazazi ambao watoto wao wameambiwa "hawajui kusoma" kabla mtu yeyote hajawapima sawasawa. Mifano ni ya Kiswahili cha darasani.

Matatizo ya usemi na matatizo ya lugha si kitu kimoja?

Hapana, na ukivichanganya utapima kitu kisichokuwepo.

Mwenye tatizo la usemi anajua anachotaka kusema, ila hakitoki kinavyotakiwa. Hapa wamo wenye kithembe, kitata na kigugumizi, waliozaliwa na kaakaa wazi, na wenye mtindio wa ubongo uliogusa misuli ya kinywa. Mwenye tatizo la lugha anaweza kutamka kila sauti vizuri kabisa, lakini maneno aliyonayo ni machache, sentensi zake ni fupi kuliko za wenzake, maagizo marefu yanampotea katikati, na ukimwomba asimulie kilichotokea jana anataja vitu bila kuviunganisha. Tatizo hili linaweza kuambatana na usonji, usikivu hafifu au ulemavu wa akili. Linaweza pia kuwepo peke yake kwa mtoto ambaye hana kasoro nyingine yoyote inayoonekana, na huyu ndiye anayepita shuleni miaka saba akiitwa mvivu. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 ulikuta takriban watoto 7 kati ya 100 wanaoanza shule wakiwa na tatizo la lugha lisilo na chanzo kinachojulikana. Hata ukikadiria chini ya hapo, darasa la watoto 60 halikosi.

Wapo pia wenye yote mawili.

Kwa nini kusoma kwa sauti hakutoshi?

Kwa sababu upimaji wetu karibu wote unapita mdomoni. Mtoto anasimama, anasoma, mwalimu anaweka vema au kosa. EGRA, chombo cha kupima usomaji wa madarasa ya mwanzo kilichotumika Malindi, Kenya, mwaka 2007 na baadaye katika nchi za Afrika Mashariki, kinamtaka mtoto ataje sauti za herufi, asome silabi na maneno, kisha asome kifungu kwa dakika moja na kujibu maswali kwa mdomo. Uwezo, upimaji unaofanywa majumbani Afrika Mashariki, nao wanampandisha mtoto ngazi kwa ngazi hadi hadithi, kwa sauti. Vyombo hivi vilitengenezwa kujua hali ya shule au ya nchi, na kwa kazi hiyo vinafaa. Havikutengenezwa kumhukumu mtoto mmoja mwenye kaakaa wazi.

Angalia jambo dogo tu: katika zoezi la herufi la EGRA, mtoto akikosa zote 10 za mwanzo, zoezi linasitishwa na anaandikiwa sifuri. Mtoto ambaye matamshi yake hayaeleweki anaweza kusitishwa hapo huku macho yake yamekwisha soma ukurasa mzima.

Kuna hatari ya upande wa pili inayotugusa sisi wa Kiswahili zaidi. Maandishi yetu ni mepesi kutamka: irabu 5, silabi ambazo karibu zote huishia kwa irabu, herufi na sauti vinaoana karibu kila mahali. Mtoto aliyezishika ba, be, bi, bo, bu ataweza kutamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia maishani. Kwa hiyo mwenye tatizo la lugha anasoma kwa sauti, anapata vema, na hakuna anayegundua kwamba hajaelewa. Kipimo kilekile kinamwangusha anayejua na kumpitisha anayehitaji msaada.

Mwanafunzi wangu anasoma "kuku" anasema "tutu". Nimpe kosa?

Bado. Mpe picha kwanza.

Kabla ya kumpa maneno ya kusoma, chagua vitu 10 au 15 anavyovijua, vyenye sauti zinazomsumbua: kuku, kisu, kikombe, gari, kamba. Mwonyeshe picha au vitu vyenyewe, umwombe avitaje. Andika alivyotamka, herufi kwa herufi. Siku nyingine mpe maneno hayohayo yaliyoandikwa, bila picha, na uandike tena.

Sasa linganisha. Picha ya kuku aliita "tutu", na neno "kuku" akalisoma "tutu": hilo ni tatizo la usemi, kwenye kusoma mpe vema. Picha aliita "kuku" vizuri, lakini neno akalisoma "tutu" au "kaka": hapo shida iko kwenye kusoma. Picha aliita "tutu", neno akalisoma "baba": hilo pia ni kosa la kusoma, lisifichwe na kitata chake. Karatasi yako iwe na safu tatu tu: alivyotaja, alivyosoma, na uamuzi wako. Mwalimu akishafanya hivi kwa mtoto mmoja, hataki tena kurudia njia ya zamani.

Yakibaki maneno yenye utata, geuza zoezi. Wewe sema "kamba", naye achague kadi kati ya kamba, tamba, samba na kambi. Akiokota sahihi kila mara, amekwisha kukuonyesha kwamba k na t anazitofautisha kwa macho na kwa masikio. Kilichobaki ni ulimi.

Na lafudhi je? Wengine wanachanganya r na l, au wanasema "zahabu".

Lafudhi si tatizo la usemi wala la kusoma. Anayesema "kurara" badala ya "kulala" kwa sababu kwao ndivyo inavyosikika, au mtoto wa Kikalenjini anayeziweka b na p karibu karibu, asipoteze alama hata moja. Sikiliza watu wazima wa kwao. Kama nao wanatamka hivyo, hamna la kutibu.

Mtoto haongei kabisa, au haeleweki hata na mama yake. Nitampimaje?

Kwa kumwomba aonyeshe, achague, apange au atende. Kusoma ni kazi ya macho na akili. Sauti tuliiongeza sisi ili mwalimu asikie. Vifaa vyote unaweza kuvikata kwenye manila au boksi.

Anza kwa kuhakikisha njia yake ya kujibu. Anaonyesha kwa kidole? Anatikisa kichwa? Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na macho tu. Muulize mambo ambayo wewe na yeye mnajua jibu: hii ni kalamu? leo tuko shuleni? Usiende mbele mpaka "ndiyo" na "hapana" zake zieleweke. Kama anajibu kwa macho, weka kadi nne kwenye pembe nne za sinia, zikiwa mbalimbali, ukae mbele yake. Anayeandika anakoangalia awe mtu wa pili asiyejua jibu sahihi ni lipi. Bila hivyo tunamsaidia bila kujua, na tukishamsaidia tumempima nani?

Sauti na silabi: weka picha za kiti, kisu na meza, aonyeshe ipi haianzi sawa na zingine. Hasemi neno hata moja, lakini lazima azisikie sauti kichwani. Kisha tamka silabi, "mbe", naye achague kati ya mbe, be, me na nde. Sauti za mb, nd, nj na ng zinawasumbua watoto wengi wanaoanza, kwa hiyo zisikose.

Kutambua herufi bila kukariri neno: tumia maneno ya kubuni. Sema "pemo", naye achague kati ya pemo, mepo, pemu na bemo. Neno ambalo halipo haliwezi kukumbukwa kwa umbo lake, kwa hiyo akilipata amesoma herufi zenyewe. Akiweza kushika kadi za silabi, mwambie apange "meza", "kitabu", "mbuzi". Hii ni imla bila kalamu, na inafaa sana kwa mwenye mikono dhaifu.

Maneno: picha moja, kadi nne. Usiweke kadi zinazotofautiana mno. Ukiweka kuku, baiskeli, nyumba na mwalimu, atachagua kwa kuangalia herufi ya kwanza au urefu wa neno. Weka kuku, kuni, kaka na kiko.

Sentensi: hapa ndipo penye mambo. Sentensi moja, picha tatu. "Mama anambeba mtoto." Picha ya mama kambeba mtoto, ya mtoto kambeba mama (watoto huicheka, na ni vizuri wacheke), na ya mama kambeba mbuzi. Halafu "Watoto wanacheza" dhidi ya "Mtoto anacheza", kuona kama anaviona viambishi vya mwanzo. Kisha maagizo ya kutenda, yaliyoandikwa: "Weka kalamu chini ya daftari." "Funga kitabu, halafu shika sikio." Mtoto anayetekeleza maagizo aliyoyasoma kimya anajua kusoma, hata kama hajawahi kutoa sauti shuleni.

Si anaweza kubahatisha?

Anaweza, ndiyo maana usihukumu kwa maswali mawili matatu. Kwa kadi nne, anayebahatisha tu atapata kama 2 au 3 kati ya 10. Akipata 6 au zaidi, bahati peke yake ni vigumu kuyaeleza matokeo hayo. Kwa ndiyo na hapana mambo ni tofauti. Hapo bahati inampa 5 kati ya 10, hata 7 au 8 si ajabu. Tafuta 9, au ongeza maswali. Kadi sahihi isikae upande uleule, na usoni pako pasibadilike anapokaribia jibu.

Mwenye kigugumizi apimwe kwa dakika moja kama wengine?

Kwa saa, hapana. Maneno kwa dakika yatakuambia jinsi kinavyombana siku hiyo, mbele yako, huku darasa likisikiliza. Mpe kifungu asome kimya, kisha aonyeshe majibu au aandike. Ukitaka kumsikia, msikilize faraghani, hesabu usahihi, na muda usiuhesabu.

Utajuaje kama kusita kwake ni kigugumizi au ni kutojua? Kigugumizi kinamshika hata kwenye maneno anayoyajua na hata akiwa anazungumza tu; hurudia sauti ya mwanzo, au hukwama mdomo ukiwa tayari umeshika umbo la herufi. Asiyejua kusoma husita mbele ya maneno magumu tu, anaangalia juu, anajaribu silabi, anakisia. Wengi wenye kigugumizi hutiririka wakisoma pamoja na darasa zima. Waache wafurahie, ila usomaji wa pamoja hauwezi kuwa kipimo cha mtu mmoja.

Anasoma anatiririka lakini hajui alichosoma. Nifanye nini?

Kwanza usimwite kasuku. Huyu ndiye ninayewaomba walimu wamtafute zaidi, kwa sababu hana usumbufu, ana vema kwenye daftari, na matatizo yake huonekana darasa la nne maandiko yanapokuwa marefu. Hapo tayari ameshazoea kwamba kusoma hakuna maana.

Fanya vipimo viwili na uvilinganishe. Mwaka 1986 watafiti Gough na Tunmer walitoa wazo ambalo bado linatusaidia: kusoma kwa kuelewa ni zao la kuzidisha mambo mawili, kutambua maneno yaliyoandikwa na kuelewa lugha yenyewe, na kimoja kikiwa sifuri zao ni sifuri. Kwa hiyo msomee wewe hadithi moja fupi, umuulize. Siku nyingine asome mwenyewe hadithi nyingine ya kiwango hichohicho, umuulize.

Akielewa anaposomewa lakini haelewi anaposoma, shida ni kutambua maneno. Rudi kwenye silabi. Asipoelewa vyote viwili ilhali anatamka maneno vizuri, shida ni lugha. Kumwongezea mazoezi ya kusoma kwa sauti hakutamsaidia hata kidogo. Anahitaji msamiati, masimulizi, na kuzungumza.

Mfano wa kifungu: "Juma ana mbuzi. Mbuzi amekata kamba. Ameingia shambani kwa jirani. Amekula mchicha wote. Jioni jirani amekuja kwa Juma."

Swali la kwanza: mbuzi alikula nini? Jibu limeandikwa, na mtoto mwenye tatizo la lugha mara nyingi atalipata, kwa kuwa anatafuta neno "amekula" na kusoma linalofuata. Swali la pili: kwa nini jirani alikuja kwa Juma? Hakuna sentensi inayosema. Lazima aunganishe kamba iliyokatika, mchicha ulioliwa na hasira ya mwenye shamba. Mpe picha tatu: jirani ananyooshea kidole tuta tupu, jirani analeta mchicha wa zawadi, jirani ananunua mbuzi. Anayechagua mchicha wa zawadi amesoma maneno "jirani", "mchicha" na "Juma" bila kushika kilichotokea. Maswali ya aina hii yawe walau nusu ya maswali yako yote. Na asilazimishwe kujibu kwa sentensi kamili, maana utakuwa umerudi kupima kuongea.

Njia nyingine: picha nne za tukio zilizochanganywa, azipange kulingana na alichosoma. Haihitaji neno hata moja.

Nyumbani wanaongea lugha nyingine. Nitajuaje kama ni tatizo la lugha au ni ugeni wa Kiswahili?

Muulize anayeishi naye. Tatizo la lugha halichagui lugha: litaonekana katika Kisukuma kama linavyoonekana katika Kiswahili. Uliza alianza kusema lini akilinganishwa na ndugu zake, bibi yake anamwelewa, anasimulia mambo wakiwa machungani au kisimani, wenzake wanamwelewa mchezoni. Kama kwa lugha ya kwao yuko sawa na rika lake, huyo anajifunza Kiswahili tu. Apewe muda na mafundisho. Tukimpachika jina la ulemavu tunamdhulumu. Ukipata mwalimu au mzee anayejua lugha hiyo, amsomee hadithi kwa lugha ya kwao umuulize maswali yaleyale. Tofauti itaonekana palepale.

Nianze na nini kabla ya vipimo hivi vyote?

Masikio. Mtoto anayetokwa usaha masikioni mara kwa mara anasikia leo, kesho hasikii vizuri, na "m" na "n" kwake zinafanana. Apimwe usikivu hospitalini, na macho pia, kabla hujaandika lolote juu ya kusoma kwake. Kwa mtoto kiziwi anayetumia Lugha ya Alama, asome kimya kisha asimulie kwa alama, mbele ya mtu anayeijua lugha hiyo kweli.

Bibi anasema akatwe udata (utando mfupi unaoshika ulimi kwa chini) ndipo atasoma. Ni kweli?

Hapana. Udata hauna uhusiano na kutambua herufi wala kuelewa hadithi. Watoto wengi wanaochelewa kuongea hawana udata kabisa, na kukata kienyeji kunaleta damu nyingi na maambukizi. Kama ulimi hautoki nje ya meno au alisumbuka kunyonya, daktari auangalie. Mwambie bibi kwa heshima, na mweleze kitakachofanyika badala yake, kwa sababu anatafuta msaada kama wewe.

Kila mwenye tatizo la usemi atachelewa kusoma?

La. Kithembe peke yake ni nadra kuathiri kusoma. Anayestahili kufuatiliwa ni yule ambaye sauti nyingi zinamchanganya, au mwenye tatizo la lugha juu ya usemi. Utafiti wa Bishop na Adams, uliochapishwa Uingereza mwaka 1990, ulikuta kwamba watoto ambao matatizo yao ya lugha yaliisha kufikia miaka mitano na nusu walisoma vizuri walipofika minane na nusu. Ambao hayakuisha ndio walioteseka zaidi, hasa kwenye ufahamu. Kwa hiyo "ataongea tu akikua" isisemwe kwa mtoto wa darasa la kwanza.

Nina watoto 80 darasani. Muda nautoa wapi?

Si wote 80. Wapime wote kwa njia ya kawaida, kisha wachambue wachache: aliyepata sifuri ilhali usemi wake una shida, na aliyesoma vizuri lakini akakosa maswali. Watabaki watano au sita. Gawanya vipimo kwa vipande vifupi, siku tofauti, asubuhi. Mtoto aliyechoka anajibu chochote ili aachiwe.

Nimpeleke wapi?

Tanzania, anzia kwa mwalimu wa elimu maalum aliye karibu, wakiwemo waliosomea Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, na kwa afisa wa elimu maalum wa halmashauri. Kenya kuna vituo vya upimaji na rasilimali za elimu, vilivyoanzishwa 1984, na KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Nairobi. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wataalamu wa tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Wataalamu hawa bado ni wachache mno ukilinganisha na watoto, na miadi huchukua muda. Mwalimu asisubiri miadi ndipo abadilishe namna ya kupima.

Matokeo niyaandikeje?

Usiandike "hajui kusoma". Andika alichofanya, kwa njia gani, na alipokwama. Mfano: "Anatambua silabi zote za herufi mbili kwa kuchagua kadi. Maneno: 9 kati ya 10, kadi nne. Sentensi na picha: 8 kati ya 10, alikosa zenye -li- na -ta-. Hadithi aliyosoma kimya: maswali ya wazi yote, ya kuunganisha mambo 1 kati ya 4. Hadithi aliyosomewa: vivyo hivyo. Hakutakiwa kusoma kwa sauti. Anahitaji mazoezi ya kuelewa masimulizi. Aendelee na vitabu vya darasa lake." Nakala moja ikae kwenye jalada lake, nyingine apewe mzazi, na ya tatu mwalimu wa mwaka ujao, umkabidhi mkononi mwake.